Ukurasa Unaolitazama Ziwa

Jua likishaanza kuishukia milima ya Kongo, Bibi Mwalimu hutoka na kigoda chake, akakitua chini ya mwembe pale pale alipokitua jana na juzi. Yeye huelekea magharibi, ziwani. Watoto huketi mkekani mbele yake, ziwa wamelipa kisogo. Nilipomkuta hapo mara ya kwanza nilidhani amejichagulia upande wenye mandhari nzuri, na kwa umri wake nikaona ni haki yake. Ilinichukua siku tatu kutambua kwamba nimekosea.

Mtoto wa Ujiji akilitazama ziwa, basi tena. Boti ya fulani inaingia, injini ya fulani imezima, kaka yake anaruka majini kuvuta kamba. Kitabu gani kitashindana na hayo? Halafu kuna jua lenyewe. Kitabu wanachofunuliwa watoto kinalitazama ziwa, kwa hiyo mwanga wa alasiri hutua moja kwa moja juu ya ukurasa, na picha huonekana hata kwa yule aliyechelewa akaishia kukalia mzizi wa mwembe. Anayeulipia mpango huo ni Bibi. Jua humpiga machoni muda wote, na maandishi hayaoni sawasawa kwa kuwa yamewaelekea wengine. Husoma kwa kuchungulia pembeni, nusu kwa jicho na nusu kwa kumbukumbu, na ili aweze hivyo inambidi awe amekihifadhi kitabu kabla hajatoka ndani.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekula?"

Swali hilo hulitanguliza kila siku, na jibu hulingoja. Asiyekula hupewa kipande cha muhogo wa kuchemsha kabla hadithi haijaanza. Siku ya kwanza sikuliandika daftarini, nikilichukulia kuwa ni adabu ya kizee tu. Sasa nalihesabu kuwa ni hatua ya kwanza ya kazi yake. Mtoto mwenye njaa husikia sauti, lakini hadithi haimfikii.

Amenikataza nisitaje jina lake, nami nimetii. Itoshe kusema kwamba alifundisha darasa la kwanza na la pili kwa zaidi ya miaka 30 hapa mkoani Kigoma, akastaafu, na sasa anawasomea watoto wa mtaa wake bila malipo.

Hatua chache kutoka mwembeni mafundi wa maboti wanapiga nyundo ufukweni. Wageni wanaokuja Ujiji kuiona kumbukumbu ya mpelelezi Livingstone hupita hapo wakasimama. Humtazama fundi akipitisha tezo, akipinda ubao, akishindilia pamba kwenye nyufa ili maji yasipate njia. Nami nimesimama hapo mara nyingi tangu utoto wangu, na kila mara nimeona raha ya kumtazama mtu anayejua anachofanya. Lakini sijapata kumwona mgeni aliyesimama kumtazama mwanamke anayewasomea watoto. Yaonekana si kazi ya ufundi: amefungua kitabu, anasoma, amefunga. Nilikaa pale mwembeni wiki tatu, na nataka kueleza nilichokiona, kwa sababu kusomea watoto kuna vipimo vyake kama boti ilivyo na vyake, na kipimo kimoja kikikosewa mtoto hatarudi kesho.

Kazi huanza usiku wa jana yake. Bibi hukisoma kitabu mara tatu. Mara ya kwanza hukisoma kimoyomoyo, ajue kinakwenda wapi. Mara ya pili hukisoma kwa sauti, peke yake, akisikiliza mahali ulimi unapojikwaa. Sentensi nyingine huwa nzuri kwa jicho na mbovu kwa kinywa, na hizo huzijua kabla ya kuzifikia mbele ya watu. Mara ya tatu huwa na kalamu ya risasi mkononi, akiweka vijistari vyembamba mahali pa kupumulia. Nilivitazama vijistari hivyo. Vichache sana vilikuwa kwenye nukta na mikato ya mwandishi. Nilipomuuliza alisema nukta ni ya mwandishi, pumzi ni ya msomaji, na watoto wanamsikia msomaji.

Kisha huanza kama wazee wetu wote walivyoanza. "Hadithi, hadithi!" Nao humjibu kwa kelele inayowageuza shingo mafundi wa boti: "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea!" Kwa maneno hayo anakitia kitabu ndani ya nyumba ambayo mtoto anaifahamu. Wengi wa watoto hawa nyumbani hawana kitabu cha hadithi hata kimoja, ila bibi wanaye, na usiku wameshaketi miguuni pake. Mtoto aliyezoea hadithi ya mdomo huona kitabu ni kitu cha shule, cha kuulizwa maswali na kupewa vema au kosa. Akisikia kitabu kinaitwa kwa mwito ule ule wa bibi yake, hofu humtoka, hukunja miguu na kusogea mbele.

Sauti yake haina maigizo mengi. Nilitegemea angebadilisha sauti kwa kila mnyama, simba angurume na panya alie, kama tunavyozoea redioni. Hafanyi hivyo. Anachokishughulikia ni mwendo. Kiswahili kina kitu ambacho lugha nyingi zingekitamani, ile -ka- ya masimulizi: akatoka, akashika njia, akamwona, akarudi mbio. Bibi huisoma kila -ka- kama mvuvi anavyopiga kasia. Boti ikiwa kwenye maji matulivu kasia hupigwa polepole, nafasi kati ya pigo na pigo ikiwa ndefu. Upepo ukivuma mapigo hufuatana. Kasi ya hadithi ameiweka yote kwenye silabi hiyo moja, na watoto, bila kujua, huanza kuyumba mbele na nyuma pamoja nayo.

Halafu tanakali. Juu ya karatasi neno "chubwi" halina uhai wowote. Ni herufi sita. Bibi akilifikia husimama kidogo kabla yake, akashusha pumzi, kisha akaliachia kama jiwe linavyozama kwenye maji ya kina: chubwi! Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na hawa ni watoto wake. Wanajua jiwe linavyoitika likianguka karibu na ufuko na linavyoitika likianguka mbali. Kesho yake nilimwona mvulana mmoja akikitafuta kitabu kile, akapekua kurasa, akaweka kidole kwenye neno lile. Alikuwa bado hajajua kusoma vizuri. Alijua neno liko wapi, alijua lasikika vipi, na alikuwa akilitazama kwa makini jinsi lilivyoandikwa. Mimi nilifundishwa silabi za ch kwa kuziimba ubaoni pamoja na darasa zima, cha che chi cho chu, na sikumbuki kama kuna siku niliyozitazama kwa hamu ile.

Nimefikia sasa jambo ninalolistaajabia kuliko yote, yaani namna anavyokatisha.

Katikati ya hadithi Bibi hunyamaza. Mahali pa kunyamazia amepachagua usiku wa jana. Mtu mwingine angekatisha pale penye hatari kubwa, simba amefungua kinywa, kama ifanyavyo michezo ya redio ili tusikilize tena wiki ijayo. Yeye hukatisha mapema zaidi, mahali ambapo kitu kipya kimetajwa tu: mlango uliokuwa haujaonekana, mgeni aliyebisha hodi, kapu lililofunikwa kitambaa. Hukiweka kitabu juu ya kigoda kikiwa wazi, ukurasa ukiwatazama watoto, akasema koo limekauka, akaenda ndani kunywa maji.

Maji yenyewe huyanywa kwa muda mrefu mno. Nilimfuata siku moja. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, kikombe kitupu mkononi, akisikiliza.

Nje kulikuwa kimya. Kisha mkeka ukachakacha. Msichana wa miaka kama minane alijongea mpaka kigodani, akakitazama kitabu bila kukigusa, akageuka nyuma kuangalia kama kuna atakayemkemea. Hakuna aliyemkemea. Akafunua ukurasa. Midomo yake ikaanza kucheza. "M-ge-ni a-ka-i-ngi-a." Mwingine akaja, wa tatu akachungulia begani kwake. Wakaanza kugombana: mmoja kasema kapu lina nyoka, mwingine kasema soma kwanza, utajuaje na hujasoma? Bibi bado alikuwa nyuma ya pazia. Nilitaka kusema kitu, akaniwekea kidole mdomoni.

Nimekwenda katika semina za elimu, nimesikia wataalamu wakieleza namna ya kumpa mtoto ari ya kusoma. Sijasikia hata mmoja aliyezungumzia ustadi wa kuondoka, nao ni mgumu kushinda wa kukaa. Mwalimu amefunzwa kushika: kushika chaki, kushika darasa, kushika kitabu. Kukiacha kitabu wazi juu ya kigoda, ukajua kitachafuliwa na vidole vya embe na pengine kitachanwa, na bado ukaondoka, kunataka moyo uliokomaa. Kuna shule moja niliyosoma mimi ambayo vitabu vyote vya hadithi vilikaa kwenye kabati la mbao lenye kufuli, safi kabisa. Tuliviona kupitia kioo. Miaka saba nilipita mbele ya kioo kile, na mpaka leo nayakumbuka majalada na sijui kilichokuwa ndani. Waliovifungia hawakuwa watu wabaya. Waliogopa vitaharibika, maana vikiharibika wataulizwa.

Akirudi kutoka ndani, Bibi hamsifu msichana wala hamuulizi. Huketi pembeni, safari hii mkekani pamoja nao, akamwachia kigoda. "Haya mama, twende," humwambia, na hapo huanza nusu ya pili ya kazi, ya kumsikiliza mtoto akisoma.

Kumsikiliza mtoto anayejikwaa ni kazi nzito kwa mtu anayejua neno lijalo. Ulimi hutaka kumsaidia. Bibi hungoja, na nikahesabu: hungoja mpaka mtoto apumue mara mbili nzima. Mara nyingi pumzi ya pili huja na neno. Neno lisipokuja, humsaidia kwa njia ambayo sijaiona popote pengine. Maneno yetu ni marefu, kwa sababu Kiswahili hubebesha kitenzi kimoja mzigo wa sentensi nzima. Mtoto akikutana na "hawakumwonyesha" huanza kichwani: ha-wa-ku-mwo, na akifika mkiani ameshasahau kichwa. Bibi hufunika neno kwa kidole gumba na kulifunua kutoka mkiani. "Onyesha," mtoto anasoma, hilo analijua. Kidole kinarudi nyuma kidogo. "Mwonyesha." Kidogo tena. "Kumwonyesha." Kisha kidole kinaondoka kabisa, na neno zima linatoka kwa pumzi moja, mkazo ukiwa umeangukia pale unapostahili, silabi ya pili kutoka mwisho, na unaona usoni kwa mtoto kwamba maana imefika pamoja na mkazo. Kabla ya hapo alikuwa akitaja silabi. Ameanza kusoma.

Na ana jicho la vidole. Watoto wengi wa Ujiji huanza chuoni, yaani madrasa, kabla ya kuanza shule; wamefundishwa alifu na bee, wamefuata aya kwa kijiti kutoka kulia kwenda kushoto. Mtoto wa namna hiyo ukimpa kitabu cha Kiswahili, kidole chake hutua ukingo wa kulia. Nimeona watu wakimcheka. Bibi hukichukua kidole kile kwa upole, akakisafirisha hadi ukingo wa pili, akamwambia, "Hiki tunakianzia huku." Kosa hajalitaja, maana halipo. Mtoto huyo amekuja na mali nyingi. Amefundishwa kuosha mikono kabla ya kushika kitabu, asikiweke chini, asome kwa sauti, arudie asichokiweza bila kulia. Bibi ameazima hata marufaa kwa jirani yake mwalimu wa madrasa, na juu yake huweka kitabu chake kikubwa kilicholegea mgongo. Anachokiongeza yeye ni kimoja, yaani kuuliza maneno haya yanasema nini, kwa kuwa kitabu hiki kimeandikwa kwa lugha ile ile ambayo mtoto hugombezwa nayo nyumbani.

Hilo la lugha ni bahati ya Ujiji. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara ya wafanyabiashara tangu karne ya 19, Kiswahili kikawa cha watu wa mtaani, mjukuu wa Mmanyema na mjukuu wa Muha wakakua nacho. Ukipanda kwenda Kasulu, Buhigwe au Kakonko, mtoto hutoka nyumbani na Kiha, na Kiswahili cha kitabu humjia kama mgeni. Bibi alifundisha huko pia. Mtoto wa kutoka huko akihamia mtaani kwake, humwita mapema kabla ya wenzake, akamsimulia hadithi yote kwa Kiha, kisha jioni akaisoma kwa Kiswahili. Mtoto husikia lugha mpya akiwa tayari anajua nini kitatokea. Wenzake hawajui kwa nini anacheka kabla yao.

Serikali ilipoleta mtaala wa KKK mwaka 2015, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu kwa darasa la kwanza na la pili, Bibi aliupokea kwa furaha, kwa sababu ulirudisha sauti za herufi mbele ya majina yake na ukawapa watoto wadogo muda zaidi wa kusoma. Mwaka uliofuata michango ikaondolewa shuleni, watoto wakajaa. Hilo nalo alilifurahia, ijapokuwa mbele ya watoto mia hakuna anayeweza kungoja pumzi mbili za kila mmoja. Watafiti wa Uwezo, waliokuwa wakizunguka nyumba hadi nyumba tangu 2010 wakiwapima watoto kwa silabi, maneno, aya na hadithi fupi, walituonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba wengi waliokuwa darasa la tatu walikuwa bado hawawezi hadithi ya darasa la pili. Mimi nilizisoma ripoti hizo nikasikitika. Bibi alizisoma akaenda kununua mkeka.

Wingi wa watoto mwembeni hufuata mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukipevuka, mwanga wa taa haufui dafu mbele ya mbalamwezi, maboti hupumzika. Kwa hiyo siku za giza watoto huwa wachache na wenye usingizi, kwani wameamka alfajiri kupokea boti na kuanika dagaa na mama zao. Siku hizo Bibi huchagua vitabu vifupi, vya kurasa nane au kumi, vyenye kibwagizo ambacho hata aliyesinzia atakiitikia. Ikifika mbalamwezi hutoa kitabu kirefu, cha kusoma siku tano au sita mfululizo, maana anajua watakuja wote, na baba zao pia watakuwepo. Nilimwona mvuvi mmoja amesimama nyuma ya mkeka, amekumbatia usukani wa baiskeli, akijifanya anamngoja mwanawe. Hadithi ilikuwa imekwisha kitambo na bado "anamngoja." Jioni ya nne Bibi alimpa kitabu amshikie wakati anafunga kilemba, na alivyofunga kilemba kile nikakumbuka alivyokunywa yale maji.

Vitabu alivyo navyo ni vichache, na kuvitunza ni ufundi mwingine kabisa. Gundi huipika kwa unga wa muhogo, uji mzito usio na madonge, akaupaka kwa unyoya wa kuku. Mgongo wa kitabu huushona kwa shazia na uzi wa nyavu, maana uzi uliokwisha kushindana na migebuka hauwezi kushindwa na mtoto wa darasa la pili. Jalada hutoka kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, uliokung'utwa na kupanguswa. Kitabu kimoja nilichokishika kilikuwa kimeshonwa mara tatu, na mishono ya kila mara ilikuwa imepita katika matundu yale yale, ili karatasi isizidi kutobolewa.

Kwa mfuko wa saruji hutengeneza pia vitabu vipya. Watoto husimulia, yeye huandika maneno yao kwa herufi kubwa kama yalivyotamkwa, wao huchora. Kimoja kinaitwa *Siku Boti ya Baba Ilipochelewa*. Ukurasa wa tatu unasema: "Mama akawasha moto. Mama akakaa. Mama hakusema." Aliyesimulia hayo ana miaka tisa. Watoto hukisoma hicho kuliko vyote, na wapo wanaokisoma wakiwa hawajaweza kingine chochote, kwa sababu kila neno lilitoka vinywani mwao kabla ya kuingia kwenye karatasi.

Nilipomsifu kwa kugundua karatasi ya saruji alinikumbusha kwamba Ujiji imezoea maandishi, na imezoea pia upungufu wa karatasi. Barua za wafanyabiashara wa Kiswahili, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilipita katika mji huu wakati hakuna shule ya serikali hata moja. Mwaka 1871, kabla ya kurudi Ujiji kutoka Manyema, Livingstone aliishiwa karatasi akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa mbegu za mmea. Maandishi yale yalififia kiasi kwamba yalikuja kusomeka tena mwaka 2011, baada ya wataalamu kuyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali. Na mwandishi wa habari Stanley alipomkuta hapa mwaka ule ule wa 1871, alimkabidhi mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Watoto wa Ujiji wote wanaijua hadithi ya Wazungu wawili kukutana chini ya mwembe. Wameonyeshwa mahali penyewe. Bibi akiwasimulia huwauliza swali moja tu. Ule mfuko ulibebwa na nani? Huwaacha wafikiri, kisha huwaambia kuwa wapagazi waliupandisha kutoka pwani, na kwamba walibeba maneno ambayo wao wenyewe hawakuandikiwa. Wanangu, huwaambia, ninyi mmeandikiwa.

Ni kweli wameandikiwa, ingawa si vya kutosha. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza Dar es Salaam mwaka 1991 uliwatia moyo waandishi wetu kuandika hadithi za watoto kwa Kiswahili, ukanunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni, na kizazi kizima cha walimu kinaukumbuka kwa wema. Wachapishaji Mkuki na Nyota na E&D wamechapisha vingine vizuri. Lakini Kigoma ni mwisho wa reli. Kitabu kinachochapwa Dar es Salaam hufika hapa kikiwa na nauli ya zaidi ya kilometa elfu moja mgongoni, na mama anayeanika dagaa hawezi kuilipa. Masanduku ya msaada hufika pia, mara nyingi yamejaa Kiingereza, na mara nyingi kila kitabu kikiwa nakala moja. Aliyefungasha ameona kwamba vitabu 100 tofauti ni utajiri mkubwa kuliko vitabu 16 vya nakala sita sita. Hakukaa mwembeni akaona kinachotokea pale Bibi anapokwenda kunywa maji, vichwa sita juu ya ukurasa mmoja, na walio nyuma wakikata tamaa na kuligeukia ziwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unasafiri kuja Kigoma kwa treni, kwa basi au kwa ndege, au una ndugu anayekuja, tafuta kitabu kimoja cha hadithi cha Kiswahili. Kisome kwa sauti nyumbani kwako kabla hujalipa, usikie kama kinasomeka kwa kinywa. Kikikupendeza, nunua nakala sita za kitabu hicho hicho, na ukifika uliza mwembe wowote wenye mkeka na watoto.